Mimi Si Samaki wa Kukaushwa

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba maana barua iliyopita nilisahau. Mimi mzima, yaani mzima mpaka mbu wanalalamika, wakinidunga sindano zinapinda. Mama naye mzima, ila masikio yake siku hizi yanachagua. Ukimwambia mchele umeisha hasikii, ukinong'ona habari za jirani anasikia mpaka nukta. Kaka kinyozi amehamishia kiti chake kibarazani kwa fundi saa, anasema wateja wa pale angalau wana muda wa kusubiri. Wote wanakusalimu. Na wewe huko kambini, masufuria bado makubwa kuliko wewe? Wavunja mawe wanakula vizuri?

Sasa kaa chini. Kama kuna kitu motoni, epua kwanza.

Nimejiandikisha kwenye shindano la kutunisha misuli. La wanawake. Usiitupe barua, Breki ameibeba kwa heshima zote chini ya kiti cha lori lake la kokoto. Unajua nabeba marobota ya mitumba tangu niache shule darasa la tano, na wanaume wa sokoni ndo walioniita Winchi, ile mashine ya kamba ya kunyanyulia mizigo, kwa kunikebehi. Basi, nyuma ya gereji kuna jimu, vyuma vyake ni gia za lori. Mwenye jimu, tunamwita Kocha, alinikuta nina robota mabegani, nazozana na mteja bila kulitua. Akasema mgongo kama huu unapotea bure. Shangazi, hakuna mtu aliyewahi kunisifia mgongo. Wanaosifia huwa wanasifia jirani yake wa chini.

Kocha anasema kazi yenyewe ni wiki ya mwisho. Unakunywa maji mengi kama shimo, halafu unapunguza, unapunguza, mpaka huyagusi kabisa. Chumvi marufuku. Wanga, yaani wali, viazi, mkate, unaukata, halafu mwishoni unaushindilia wote kwa mpigo. Eti ngozi inakuwa karatasi na misuli inajitokeza kama mawe chini ya shuka. Sijaelewa vizuri, ila Kocha anapoongea anainua kidole, kwa hiyo lazima ni kweli.

Ni katikati ya Machi. Nipe baraka zako.

Mwanao,
Winchi


1 Machi

Wewe Winchi,

Marahaba zote mbili. Mimi nipo, usiniulize zaidi. Wavunja mawe wanakula, wananung'unika, wanaongeza. Tumeletewa msimamizi mpya, kijana ana viatu visivyojua vumbi. Kila asubuhi ananikodolea macho nikitia chumvi na sukari kidogo kwenye pipa la maji ya kunywa ya vibarua, kama vile natia sumu. Mwambie mama yako masikio yake nayajua tangu alipoolewa kwetu, asikudanganye.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania.

Sikukulea miaka yote ile mama yako alipokuwa mgonjwa ili ukasimame mbele ya ukumbi mzima umejifunga vitambaa viwili ambavyo hata pua ya mtoto havitoshi kufuta. Umekosa nini? Kama ni kuonesha nguvu, si unabeba mzigo kila siku na watu wanakuona bure?

Lakini nguo ni jambo dogo. Hilo la kukata maji ndilo lililonitoa usingizi. Wewe ni samaki? Unakaushwa ili upelekwe wapi? Nimewahi kumwona mtu aliyekauka. Hapa hapa kambini. Sitaandika zaidi ya hapo.

Baraka hakuna. Usipande.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Usianze kununa kabla hujasoma. Barua yako ya Machi imenifikia juzi, lori la Breki lilikufa gia likalala njiani mwezi mzima, na barua chini ya kiti. Kwa hiyo mimi sikukuasi, nilikuwa tu sijasoma. Japo sikufichi, hata ningesoma ningepanda.

Mama anasalimu. Anasema na wewe masikio yako anayajua. Kaka amepata mteja mmoja mwenye upara, anamnyoa ndevu anahesabu kichwa kizima.

Shindano lilikwisha. Ukumbi ulijaa, taa kali, walitupaka mafuta mpaka ukinishika naponyoka kama sabuni. Zile nguo unazozisema ni ndogo, kwa kweli ni ndogo kuliko unavyodhani, sitakueleza. Mtangazaji aliniita "Winchi wa Sokoni" na wachukuzi wenzangu wakapiga miluzi mpaka jaji mmoja akaziba masikio. Niliingia kwa kishindo. Nikapiga pozi la mkono, watu wakashangilia. Nikapiga pozi la mgongo. Mwishoni niliteleza kidogo, yale mafuta yalidondoka kwenye mbao. Nikashika nafasi ya tano. Tulikuwa wangapi, hilo si muhimu.

Sasa nipo kazini kama kawaida, nimepumzika siku chache tu. Sokoni kuna mambo ya kuchekesha: yule muuza viatu aliyegombana na ngazi, ngazi imeshinda.

Wako,
Winchi


9 Mei

Winchi,

Marahaba. Sisi wazima.

Breki alikuwepo ukumbini, lori bovu alikuwa ameliacha njiani akapanda gari la watu. Breki hajui kudanganya, ndiyo maana mpaka leo hana mke. Nilimpa chai nikamwambia, "Mwanangu anasema aliteleza." Akatazama kikombe. Nikamwambia, "Breki." Akasema, "Mama, mimi ni dereva tu." Nikamwongezea sukari. Akasema yote.

Mtu aliyeteleza anabebwa na wanaume wawili, mmoja kwapani mmoja miguuni, kama godoro linalohamishwa? Mtu aliyeteleza anatundikiwa dripu usiku kucha? Umeniandikia ukurasa mzima wa ngazi na muuza viatu. Nilipokulea ulikuwa ukivunja kitu unaanza kuimba. Bado unaimba.

Niandikie ukweli, au usiniandikie.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima, Kaka mzima. Mimi sasa hivi mzima. Naacha kuimba.

Siku za kukausha nilikuwa sokoni kama kawaida, robota mabegani, jua utosini. Mpango wa Kocha ni wa watu wake, binti wa saluni, mwenye duka la vipuri, karani, watu wanaoshinda chini ya feni. Hakuniuliza mchana nafanya nini. Na mimi sikumwambia, maana angesema niache kubeba, na nisipobeba njaa hailali na mimi peke yangu, inalala na Mama pia. Kwa hiyo wao walikata maji wakiwa wamekaa. Mimi nilikata huku namwaga. Chumvi sikugusa wiki nzima, na hiyo niliyokuwa nayo ilikuwa imetoka yote, unaiona imeganda kwenye fulana kama ramani.

Halafu jasho likaacha kutoka. Juani, Shangazi, na mzigo mabegani, mwili mkavu! Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikakimbia jimu nikamwambia Kocha, "Tazama, nimekauka, hata jasho hamna!" Akanipigia makofi.

Asubuhi ya shindano nikashindilia wali, asali, viazi, bila tone la maji. Kocha alisema misuli itajaa. Itajaa na nini? Wanga unaingia kwenye msuli ukiwa umeshikana mkono na maji. Bila maji ule wali ulikaa tumboni kama saruji waliyosahau kuikoroga. Misuli ikabaki imelegea kama puto la juzi, tumbo ndo likajaa. Nikapiga pozi la mgongo, paja la kushoto likakakamaa. Nikatabasamu. Likakakamaa la kulia. Nikatabasamu zaidi. Moyo ukaanza kuruka kamba, ukikosea unaanza upya. Majaji walikuwa watatu, nikawaona sita. Ndo nikaenda chini. Tulikuwa watano, sasa umejua.

Kule zahanati nesi akaniuliza, "Leo umekunywa nini?" Nikamwambia, "Sifa." Hakucheka.

Huo ndo ukweli. Sasa na huu mwingine nao ni ukweli: mwanzoni mwa Septemba kuna shindano jingine, na napanda. Napita sokoni wananiimbia, "Winchi imekatika kamba!" Mpaka muuza vitunguu, mtu ambaye hata gunia moja anaita msaada. Sitaki kombe. Nataka nimalize pozi zote saba nimesimama, nishuke ngazi kwa miguu yangu mwenyewe, mbele ya watu walewale. Basi.

Nilimwendea Kocha. Nikamwambia, "Safari hii sikati maji."

Akasema, "Utapanda umevimba kama mkate uliolowa."

"Nitavimba nikiwa wima."

"Kwenye jimu yangu hapandi mtu na maji mwilini."

"Basi mimi na maji yangu tunatoka wote."

Watu wakacheka, na yeye akaona wanamcheka yeye. Akanifukuza, akatangaza kwamba atakayenipa chuma chake na yeye nje. Sawa. Nafanyia mazoezi sokoni. Nachuchumaa na robota, navuta mkokoteni wenye mchukuzi mwenzangu juu yake, analipa kwa kunikosoa. Nimejiandikisha kama mshindani wa kujitegemea.

Na mimi nina swali. Yule mtu uliyemwona amekauka hapo kambini. Ni marehemu mumeo? Mimi nilikuwa mdogo, tuliambiwa homa.

Winchi


12 Julai

Winchi,

Marahaba. Sasa umeandika kama mtu.

Salamu zako nimepata, na za mama yako, na za kaka yako ambaye sitaki kusikia tena habari za huyo mwenye upara, nilicheka nikaunguza maharage.

Msimamizi aliifungia chumvi kabatini. Alisema vibarua wanywe maji matupu, chumvi ni ya mboga. Nikamkabidhi mwiko nikamwambia, basi na mboga upike wewe. Alipika siku moja. Wavunja mawe walikula wakimtazama bila kupepesa. Kesho yake kabati lilikuwa wazi na hakuna aliyemwona aliyelifungua. Sasa pipa nalichanganyia mlangoni kwake, nakoroga taratibu.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Kuna kuni mbichi jikoni, moshi unaniingia machoni, siwezi kuandika habari hiyo.

Nitakwambia hili tu. Mtu niliyemwona alikuwa akitania wenzake muda mfupi kabla ya kuanguka. Mcheshi kama wewe. Alikuwa ameacha kutoka jasho, wakamsifia. Ndiyo maana vichekesho vyako vya Aprili havikunipata.

Sitaki upande. Lakini nakujua, ukishaweka shingo yako upande mmoja hata jeki haiirudishi. Basi ukipanda, wiki ya mwisho usiguse robota hata moja. Wachukuzi wenzako wakubebee, si wanakuita Winchi, na wao wawe winchi kidogo. Maji yako ya kila siku yabaki yaleyale. Chumvi ileile, usiongeze usipunguze, mwili usishtuke. Wali ule na maji yake. Na uchungulie mkojo. Ukiwa kama chai ya rangi, huendi popote. Usione aibu, nimewalea wanaume arobaini humu kambini, hakuna mkojo unaonipita.

Baraka sijatoa.

Shangazi yako


10 Septemba

Shangazi wa chuma,

Shikamoo, nakuandikia kwa mkono wangu, umekaza vizuri. Mama alikuja ukumbini. Alikaa karibu na spika na akasema hakusikia kelele yoyote. Kaka alinisuka nywele kwa lazima, yeye ni kinyozi, nilitoka kama mtu aliyekimbizwa. Wote tumerudi nyumbani kwa miguu, umesikia? Kwa miguu.

Wiki ya mwisho sikubeba. Wachukuzi walinibebea kwa zamu, huku wakinililia kwamba mizigo yangu ni mizito, wakati ni ileile. Nilikunywa kama kawaida, nikala chumvi kama kawaida. Siku mbili za mwisho nikaongeza wali na viazi vitamu, na maji juu yake. Asubuhi nikajitazama kwenye kioo. Sikuwa karatasi. Lakini mgongo ulikuwa umejaa, mishipa imetoka mpaka begani, na nilikuwa na nguvu za kumtukana mtu. Choo kidogo nacho nilikichungulia, kilikuwa kama maji ya ndimu. Furahi.

Nyuma ya jukwaa nikamkuta binti wa saluni, mchezaji wa Kocha. Amekaa sakafuni, midomo imepasuka, mguu umekakamaa kama ufagio. Kocha anamkanda huku anamwambia, "Vumilia, umetoka vizuri sana, umetoka vizuri sana." Mimi nilikuwa na chupa yangu. Nikatia chumvi kidogo niliyoifunga kwenye karatasi, nikatikisa.

"Usimpe!" Kocha akaruka. "Zimebaki dakika chache! Utamharibu!"

"Jasho linamtoka?" nikauliza.

"Hamna hata tone, amekauka safi!"

"Ndo hivyo na mimi ulinipigia makofi."

Akanishika mkono. Shangazi, mkono huu. Nikauinua tu, taratibu, na Kocha akainuka nao, vidole vya miguu vikitafuta sakafu. Akaachia mwenyewe. Binti akainywa chupa yote. Hakupanda jukwaani, alikaa pembeni amejifunika taulo langu, analia. Lakini rangi ilimrudia. Na yeye ameenda nyumbani kwa miguu.

Mimi nikapanda. Hakuna bango la jimu nyuma yangu, mtangazaji akasema tu, "wa kujitegemea." Muuza vitunguu akapiga kelele, "Kamba hiyo!" Nikapiga pozi la kwanza. La pili. La mgongo, pale pale mbao zile zile, nikalishika mpaka mpiga picha akashusha kamera. Mapaja yakatulia kama watoto waliokula. Nilipomaliza la saba sikutoka, nikasimama tu, nikamtazama muuza vitunguu mpaka akaanza kufunga kiatu kisicho na kamba.

Nafasi ya tatu kati ya sita. Wamenipa kikombe kidogo, kinatosha yai. Jaji mmoja akachukua kipaza sauti, akasema kwa huruma, "Dada, ungejikausha kidogo tu, ungekuwa wa kwanza."

Nikamwomba kipaza sauti. Nikasema, "Nilijikausha Machi. Nilikaribia kuwa wa kwanza kwelikweli, wa kwanza kuzikwa na mafuta mwilini."

Ukumbi ukapasuka. Nikashuka ngazi, moja moja, nikijidai.

Leo asubuhi Kocha alinifuata sokoni. Anasema nirudi, mwaka kesho nitakuwa wa kwanza, ila lazima nikubali utaratibu wake, heshima ya jimu. Nilikuwa na robota mabegani. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kulitua. Halafu nikamwambia asogee, ananizibia njia. Binti wa saluni ameanza kuja kuchuchumaa na sisi hapa sokoni kila jioni, robota lake dogo la soksi.

Mwaka kesho napanda tena. Na maji. Ukinibariki nitashukuru, usiponibariki napanda hivyohivyo.

Lile swali langu sitalirudia. Nimeuelewa moshi.

Mwanao,
Winchi


4 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Breki alifika kabla ya barua yako, hiyo aliileta safari iliyofuata. Alinionesha pozi zote saba hapa jikoni, na lile tumbo lake. Wavunja mawe waliacha kula. Msimamizi alikuja kuona kelele za nini, akaambiwa akae chini, asikie. Akakaa. Breki alipofika kwa yule binti na ile chupa, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa nyundo aliinuka akaenda pipani akachota, akanywa, akarudi kukaa. Halafu mwingine. Hakuna aliyewaambia.

Ndiyo, alikuwa mume wangu. Homa tuliambiwa tuseme. Nimeliandika, na kalamu haijavunjika. Tukikutana utanitania, sitakuwa na neno, lakini siku hiyo usianze wewe, nianze mimi.

Sasa sikiliza. Baraka bado. Vile vitambaa ni viwili na vitabaki viwili, sijabadilika. Ruhusa nimekupa, tena huihitaji, ulishajipa mwenyewe. Mwaka kesho nafunga jiko siku tatu, wale wanachokijua. Nakuja na lori la Breki. Nitakaa mstari wa mbele, katikati, na huyo Kocha kama yupo akae pembeni yangu nimwone vizuri.

Na wewe siku hiyo usithubutu kunipigia hesabu za ushujaa. Nikiiona midomo yako imepasuka hata kidogo, nitapanda huko jukwaani mimi mwenyewe na gauni langu na ndoo, na hao majaji wanipe namba.

Shangazi yako